Barua ya Tiba ya Kazi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Habari kubwa! Mke wangu Dorcus ametoka sokoni Silibwet akisema kituo cha afya kimeletewa msichana wa tiba ya kazi. Nimemwambia arudie. Tiba ya kazi. Basi mgonjwa ni mimi! Kazi sina tangu kampuni ilete mashine za kuchuna chai, mwaka wa pili huu. Miaka thelathini na moja kikapu mgongoni, nikaambiwa asante. Hatimaye serikali imeona.

Dorcus anasema maana yake si hiyo, lakini niende tu, kwa sababu ya mkono. Mkono una nini? Baridi.

Jumanne, 4 Machi
Nimefika wa kwanza. Msichana anaitwa Chepngeno. Nimemwita daktari, akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya kazi, na leseni yake iko pale ukutani. Nikamweleza ugonjwa: kukosa kazi. Dawa: barua kwa meneja. Hakucheka. Akaniomba nifungue vifungo vya shati kisha nivifunge. Kufungua, sawa. Kufunga, nimepambana na kimoja mpaka jasho. Nikasema shati ni jipya. (Nililivaa harusi ya binti yetu Maxine, miaka tisa iliyopita.)

Akauliza kama niliwahi kuanguka. Dorcus, aliyenifuata bila kualikwa, akajibu ndiyo, kiharusi, mwaka jana, na tangu hapo yeye ndiye hunifunga vifungo. Msaliti!

"Kazi si ya kampuni peke yake, mzee," Chepngeno akasema. "Kujifunga shati pia ni kazi. Hiyo ndiyo nimeruhusiwa kutibu."

Nimerudi nyumbani nimenuna.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba sindano. Sheria haimruhusu. Vidonge basi? Hivyo ni vya daktari. Yeye anaruhusiwa kuupima mkono, kuufundisha upya, kuutengenezea kifaa cha kuushikilia ukipinda, na kutushauri jinsi ya kupanga nyumba. Na barua? Anaweza kuandika mkono unaweza nini na hauwezi nini. Kumwamuru meneja aniajiri, hapana. Akivuka hapo, leseni inaweza kwenda. Sheria gani ya uoga hivi?

Nimepewa beseni niokote maharagwe, moja moja. Mimi! Mtu wa kilo arobaini za chai kabla ya saa nne!

Njiani nimekutana na Bethwel. Tulichuna mstari kwa mstari miaka ishirini, na siku zote alikuwa wa pili. Sasa anaendesha mashine. Habari zilikuwa zimeshamfikia; aliuliza maharagwe yangu yataiva lini.

Jumatatu, 10 Machi
Leo Chepngeno ameweka maharagwe kando, akaleta tawi la chai. Majani mawili na chipukizi, kwa kidole gumba na cha shahada. Ile harufu! Asubuhi zote zikanirudia. Ukungu. Aproni ya plastiki imelowa, inagongagonga magotini. Akina mama wa Bomet wanaimba upande ule, sisi wa ziwani tunaitikia upande huu. Nyapara Kimeli anafoka kwamba tunachuna vijiti. Mwenzetu Joab alikuwa bado hai. Nimelia, naandika wazi. Nimechuna mara nne, nikaangusha tatu. Chepngeno akatazama dirishani mpaka nikamaliza.

Kisha akanipa barua. Mistari miwili! Naweza kuchuna kwa muda mfupi, kama mazoezi. Siwezi kubeba kikapu. Barua kama hiyo inamsaidia nani?

Jumanne, 11 Machi
Kati ya mstari wa mwisho na sahihi aliacha nafasi. Hilo ni kosa la nani? Nimeongeza: "Kwa hiyo naamuru arudishiwe mstari wake wa zamani." Kalamu iliteleza. Maneno yamepanda kilima kama mbuzi. Nimempelekea meneja mwenyewe. Nimekiosha kikapu.

Alhamisi, 13 Machi
Balaa. Meneja amepiga simu kituoni kuuliza tangu lini tiba ya kazi inatoa amri. Chepngeno ameitwa ofisini kwa meneja kesho pamoja na mkubwa wake. Wanataka kumshtaki kwa wenye kutoa leseni.

Dorcus ameyasikia sokoni. Ameweka ugali mezani, akabaki amesimama.

"Baba Maxine, huyo mtoto alisomeshwa na maziwa ya ng'ombe wa mama yake kule Siongiroi. Kesho utaenda."

Nimetunga visingizio vitatu. Hakuna hata kimoja kinachonitosha.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeenda. Nikasema ni mimi. Meneja hakuamini, alidhani namkingia kifua msichana. Akanipa karatasi niandike mstari ule ule mbele ya wote. Bethwel alikuwa mlangoni, ameleta mashine iliyoharibika. Nikaandika. "Naamuru" ikapanda kilima vile vile. Kila mtu akauona mkono wangu. Hakuna aliyecheka, hata Bethwel. Hiyo imeniuma zaidi.

Chepngeno ameachiliwa. Nilingoja anigombeze. Akafungua daftari lake la miadi.

"Jumatatu saa mbili, mzee," akasema. "Usichelewe."

Jumatano, 30 Aprili
Leo nimefunga vifungo vyote mwenyewe. Sita! Dorcus alikuwa amekwisha kuja kunifunga, akabaki amesimama na mikono hewani. Nimemhurumia kidogo.

Mchana Bethwel amekuja. Kidole gumba hakikunjiki, mashine inamtikisa kutwa. Nikamtuma kwa Chepngeno, kama mtu aliyeongoka. Kumbe ametoka huko. Ataanza mazoezi, na amepewa barua: kidole kinaweza hiki, hakiwezi kile. Kumtoa kwenye mashine, sheria hairuhusu kuamuru.

Kisha akasema anaikumbuka sana ile mistari yetu, hata kuwa wa pili. Miaka yote hiyo hajawahi kukiri kwamba alikuwa wa pili!

Ningefanya nini? Nimemwandikia barua. Bethwel atolewe kwenye mashine, apewe kikapu, na kando yake, kwa ajili ya tiba, awekwe Owiti, yaani mimi. Safari hii maneno yamenyooka. Hata sahihi ya Chepngeno imetoka safi kabisa. Yule msichana amenitibu kweli.