Kidonge cha Akina Baba

Kinywa Asali alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati akikimbia jua, si ugonjwa, aliposikia akina mama wawili wakilalamika.

"Sindano ya uzazi wa mpango imeninenepesha mpaka kitanda kinalia."

"Afadhali wewe, shoga. Mimi vidonge vinanipasua kichwa. Kwani wataalamu wameshindwa kutengeneza cha wanaume?"

Kinywa Asali akasimama taratibu, kama mtu aliyeitwa na taifa. Wapo wanaosikia kilio wakaleta leso. Yeye huleta bei.

Kesho yake peremende nyeupe, zilizokwanguliwa maandishi, zilikuwa ndani ya chupa ya dawa.

"Kimoja kwa wiki," aliwaambia mafundi wa gereji. "Mama apumzike, na nguvu zako zibaki pale pale."

"Pale pale?" aliuliza fundi rangi.

"Labda ziongezeke kidogo."

Chupa ikaisha kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu muuguzi wa uzazi wa mpango akamtokea. Kinywa Asali akatafuta mlango wa nyuma; bahati mbaya alikuwa barabarani.

"Usikimbie, daktari," muuguzi alisema kwa upole. "Watafiti wanatafuta dawa kama yako miaka nenda rudi. Jumamosi walete wateja wako ukumbini wakushuhudie. Mvumbuzi haondoki mikono mitupu."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini nani hukumbuka methali akiwa anapiga suti pasi?

Jumamosi akaleta wanaume sitini. Muuguzi akafunga mlango, akatia kimoja cha vidonge vile mdomoni, akakitafuna kwa raha.

"Peremende," akatangaza. "Ya mnanaa."

"Mke wangu ameacha vidonge vyake!" fundi rangi akapiga yowe.

"Nimeshamrudisha kwenye vidonge. Kaa chini."

Ukumbi ukachemka. Kinywa Asali alirudisha pesa zote, hata zile za ndani ya soksi.

"Sasa nisikilizeni," muuguzi akaendelea. "Watafiti ni wa kweli, hawa hapa. Wana dawa ya wanaume wanayoijaribu, wanahitaji wa kujitolea. Miaka minne nawaalika. Mlikuja wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia."

Fundi rangi akainua mkono. "Kama peremende nililipia, hii ya kweli nitaikataaje?"

Mikono ikafuata, mmoja baada ya mwingine. Kinywa Asali akanyata kuelekea mlangoni.

"Daktari!" muuguzi akamwita. "Mwezi ujao nina upimaji wa tezi dume. Unaweza kuniletea wanaume mia?"