Daraja Linalotembelewa Kuliko Yote

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti viwili na keki yenye rangi za bendera, kwamba umbali kati ya serikali na mwananchi umefutwa. Aliyeufuta ni Bwana Rehani, Mkuu wa Kitengo cha Mahali na Ukaribu, na aliufuta Jumatatu asubuhi katika ukumbi mmoja wa Morogoro Mjini, akiwa amechelewa saa nzima. Alipopigiwa simu kuulizwa alipo, alijibu, "Nipo hapa Msamvu, naingia sasa hivi," naye alikuwa bado nyumbani kwake Kihonda anatafuta soksi. Hakuna aliyemlaumu. Kila mtu ukumbini alikuwa ametoka kumwambia mwingine maneno hayo hayo.

Chombo kilichofuta umbali kilikuwa programu ya simu iitwayo Tumefika. Mtumishi akifika kijijini anabonyeza kitufe, ramani inamwonyesha kwa alama ya kijani, na wananchi wa eneo hilo wanamwona kwenye simu zao, wanamsalimia, wanamtumia vikopakopa na maoni. Ni mtandao wa kijamii kama mingine, ila wenye adabu.

"Zamani mwananchi alikuwa anauliza, serikali iko wapi?" Bwana Rehani alihutubia, jasho likimtoka kwa furaha. "Leo serikali ina alama ya kijani!"

Makofi yakalia. Bibi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama keki ni ya watu wote, akaambiwa ufafanuzi utatolewa baadaye.

Bwana Rehani hakuwa mtu mbaya, na inafaa hilo lisemwe mapema. Alikuwa mtu wa vikao. Alipenda kiti chake kinachozunguka, alipenda chai ya saa nne na chapati mbili, na aliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba jambo likiandikwa vizuri limeshatendeka nusu, likigongwa mhuri limeshatendeka lote. Usiku aliota uhamisho wa kwenda makao makuu Dodoma. Tumefika ndiyo ingemfikisha.

Kasoro ilijitokeza juma la kwanza tu. Programu ilikuwa inasema kweli.

Naibu wake, Dadi, aliripoti kwamba yupo Gairo anakagua ghala la mahindi. Simu yake ikasema yupo mjini, kwenye baa moja jirani na stendi, karibu kabisa na jiko la nyama choma, na kwamba hajasogea tangu mchana. Wananchi watatu wa pale baa wakamsalimia mtandaoni, mmoja akamwuliza kama ndizi za kuchoma zimebaki. Kikao cha dharura kikaitishwa, na aliyeiunda programu, Shakila, binti wa mkataba aliyemaliza chuo juzi juzi, akaitwa ajieleze.

"Simu inambishia mkubwa wake," alianza Bwana Rehani. "Huu ni utovu wa nidhamu."

"Mkuu, satelaiti haibishani na mtu," alisema Shakila. "Yenyewe inaangalia tu mtu alipo, basi."

"Nani kaituma iangalie?"

"Nyinyi, mkuu. Siku ile ya keki."

"Tuliituma ituonyeshe tukifika. Hatukuituma ituonyeshe tusipofika."

Shakila akajikuna kisogo. "Sasa mkuu, tukiitoa satelaiti, hii app si itakuwa ya kudanganyana tu? Itakuwa noma."

"Neno kudanganyana halimo katika utumishi," Dadi alimkatiza, bado amenuna. "Andika: kujitambulisha kwa hiari."

Ikaazimiwa hivyo. Mahali alipo mtumishi patajulikana kwa kauli ya mtumishi mwenyewe, kwa kuzingatia cheo. Afisa wa kawaida atakuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mkuu wa Kitengo, kutokana na wingi wa majukumu, ataruhusiwa kuwa mahali pawili, na akiwa na homa, naibu wake anaweza kumbonyezea. Shakila aliuliza kama ardhi yenyewe imekubaliana na azimio hili. Akaambiwa ardhi ipo wizara nyingine. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na kwao Kisaki kulikuwa na watu wanamtegemea, kwa hiyo alirudi kwenye meza yake akafanya alivyoagizwa.

Jambo moja tu hakulibadilisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia alibadilishe. Tangu mwanzo alikuwa amepanga orodha ya mahali kwa wingi wa malalamiko, ili mtumishi akifungua simu aone kwanza penye shida kuliko kote. Wa kwanza juu kabisa ulikuwa mstari huu: Daraja la Lukolongo.

Lukolongo ni kijiji cha huko juu Uluguru. Gari linaishia njiani, pikipiki inaishia mbele kidogo, na baada ya hapo mtu anabaki na miguu yake na ukungu. Masika yaliyopita mto ulikuwa umelichukua daraja, mbao na nguzo, ukabakiza kamba moja iliyofungwa kwenye mti huku na kule. Hayo maafisa hawakuyajua, wala hawakuwa na sababu ya kuyajua. Kanuni ilidai kila mmoja aonekane milimani kabla ya chakula cha mchana, na Lukolongo lilikuwa jina lililo karibu zaidi na kidole gumba. Basi kila asubuhi, chai ikimiminwa, kitengo kizima kilibonyeza. Tumefika, Daraja la Lukolongo. Halafu sukari ikapita.

Mama Anastasia, mwenyekiti wa kijiji hicho, aliingia ofisini siku moja saa ya chai. Alikuwa mtu mzima, kanga yake imeloa matope hadi magotini, na mkononi alikuwa na kifurushi cha mdalasini, maana kwao mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

"Karibu mama," alisema Dadi bila kuinua macho. "Ila umetukosa kidogo. Sisi sote tupo kijijini kwako."

Mama Anastasia alitazama meza moja moja. Alihesabu vikombe. Kisha akamgeukia Bwana Rehani, ambaye kwa kuzunguka kwa kiti chake ilionekana ndiye mkubwa.

"Baba, mimi nimekuja kwa ajili ya daraja. Tangu mto ulichukue, watoto wetu wanavuka majini kwenda shule. Wanashika kamba. Juzi mvua imenyesha huko juu, maji yakamnyakua mtoto wa jirani yangu Kondo. Tumemkuta amenasa kwenye mizizi, mzima, Mungu mkubwa. Sasa mimi siwezi kulala, baba. Nikisikia mvua usiku nakaa kitandani nahesabu watoto wa watu. Tujengewe daraja. Sitaki kuzika mtoto kwa ajili ya mbao."

Bwana Rehani alisikitika kweli. Kisha akafungua kompyuta, na masikitiko yakamwisha.

"Daraja lipi mama, hili hapa?" Akamgeuzia kioo. Ramani ya Uluguru ilikuwa ya kijani tupu sehemu moja, kama ukoka uliomwagiliwa. "Mama, hili ndilo daraja linalotembelewa kuliko yote mkoa mzima! Leo peke yake maafisa wangu wote wamepita hapo. Hebu tumia akili ya kawaida. Daraja bovu linaweza kubeba serikali?"

"Nani kapita, baba? Mimi nimetoka huko alfajiri. Sijapishana hata na mbuzi."

"Una simu janja?"

"Sina."

"Basi ungewaonaje?"

Mama Anastasia aliitazama tena ile ramani. Alikuwa amewahi kujibizana na watu wakaidi, lakini hawa walikuwa na vielelezo.

"Daraja halipo," alisema mwishowe, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Hayo ni maoni, na maoni yana sehemu yake. Shakila, mfungulie mama sehemu ya maoni."

Shakila akafungua. Zamani palikuwa na majibu matano ya kuchagua, lakini kikao kilikuwa kimeona mengine yanavunja watumishi moyo. Yalibaki mawili: Daraja ni zuri, na Daraja ni zuri sana. Binti aliona aibu hata kumtazama mama yule usoni. "Nisamehe mama," alinong'ona. "Hapa pamenishinda."

Mama Anastasia aliweka mdalasini mezani. Alijitanda kanga yake vizuri, akasimama mlangoni.

"Haya baba. Basi kesho mkipita tena kwenye hilo daraja lenu, mtubebee na watoto."

Hakucheka alipolisema. Bwana Rehani aliagiza liingizwe kwenye taarifa ya robo mwaka, chini ya kichwa cha Pongezi Kutoka kwa Wananchi.

Taarifa ilifika Dodoma ikapendwa sana. Haukupita muda akatumwa Bi Eufrazia, mkuu wa tathmini kutoka makao makuu, mama mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole iliyotisha watu kuliko ukali. Bwana Rehani alivaa suti ya harusi yake. Maji ya chupa yalipangwa mezani, keki ikaagizwa tena, na Dadi akamnong'oneza bosi wake kwamba Dodoma nyumba nzuri zipo upande wa Ilazo.

Bi Eufrazia hakukagua jengo wala mafaili. Alisoma ramani, akafunua karatasi, akasoma tena ramani.

"Bwana Rehani, nimezunguka nchi hii. Sijaona kitengo kinachopenda milima namna hii. Watu wako wapo Lukolongo kila siku ya Mungu. Hata sikukuu."

"Tunajituma, mheshimiwa."

"Na huu mfumo, unaaminika?"

"Mfumo hausemi uongo," alisema Bwana Rehani, mkono kifuani.

"Nimefurahi kusikia. Basi wizara imekubali kukuhamisha."

Bwana Rehani alifumba macho. Aliona kiti kipya, kirefu mgongoni, kinachozunguka pande zote.

"Kitengo chote kinahamia Lukolongo," aliendelea Bi Eufrazia. "Si haki kuwapandisha watu mlima kila asubuhi na kuwashusha kila jioni, wakati kazi yao yote iko kule. Jengo hili mnalitumia mara chache mno, tumewapa wenye shida nalo. Mtakaa kwenye godauni la kahawa la zamani, kijiji kimeridhia. Mnaanza Jumatatu."

Bwana Rehani alifumbua macho.

"Lakini mheshimiwa," Bwana Rehani alisema, "sisi... sisi tupo hapa."

"Nawaona. Mmeshuka kunipokea, nawashukuru sana."

"Namaanisha, siku nyingi huwa tupo hapa hapa."

Bi Eufrazia akavua miwani. "Mfumo unaonyesha mpo Lukolongo. Unataka kuniambia mfumo unasema uongo?"

Bwana Rehani alimtazama Dadi. Dadi alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake. Kusema ndiyo kulikuwa ni kupoteza kazi, na pengine kulala ndani. Kusema hapana kulikuwa ni kupanda mlima.

"Hapana. Hausemi uongo."

"Safi."

"Ila kuna suala la daraja, mheshimiwa. Nimesikia tetesi kwamba pengine lingehitaji kutazamwa."

"Lile? Mmelitazama wenyewe kila siku, mmeliandikia "zuri sana" mfululizo. Pesa zake tumepeleka kwenye madaraja mabovu." Akachukua kipande cha keki. "Hongereni."

Jumatatu ile kitengo kilipanda mlima kwa mara ya kwanza. Lori likaishia njiani. Pikipiki zikaishia mbele kidogo. Wapagazi walibeba mafaili na birika kichwani, na mmoja wao akawa amejitwika kile kiti kinachozunguka, kikizunguka kila alipokata kona. Shakila alikuwa amevua viatu mapema na kuwatangulia wote. Suti ya Bwana Rehani iliingia ukungu, kisha matope, kisha upupu. Walipofika mtoni, alisimama akautazama mto. Ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na unaongea kwa nguvu. Kamba ilikuwepo.

Alipanda juu ya jiwe palipopatikana mtandao, akampigia Bi Eufrazia.

"Mheshimiwa, daraja halipo!"

"Uko wapi?"

"Nipo hapa mtoni."

"Ah, Bwana Rehani." Sauti ilikuwa ile ile ya upole. "Naona hapa umeshavuka tangu saa mbili asubuhi. Upo ofisini kwako. Kazi njema."

Bwana Rehani alishusha simu, akamgeukia naibu wake.

"Nilikubonyezea, mkuu," alisema Dadi. "Kama kawaida."

Ng'ambo ya pili walikuwa wamesimama wanakijiji waliokuja kuipokea serikali, na mbele yao Mama Anastasia. "Vua viatu, baba!" alipaza sauti. "Shika kamba kwa mikono miwili! Usitazame maji!"

Hapakuwa na njia nyingine. Mjini jengo lilikuwa na wenyewe tayari. Bwana Rehani alivua viatu, akakunja suruali ya harusi, akaingia. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Yalimfika magotini, yakamfika kiunoni, yakamvuta pembeni, na mguu ukakosa jiwe. Akapiga ukelele uliosikika bonde zima. Akamwita Mungu, akamwita mama yake, akaapa kwa sauti mbele ya watumishi na wananchi kwamba daraja litajengwa, litajengwa mwezi huu huu, atauza hata gari lake. Shakila na vijana wawili wakajitosa wakamshika kwapa.

Alipopata pumzi, katikati ya mto, bado ameing'ang'ania kamba, akakumbuka kuuliza.

"Mama! Watoto huwa wanavukaje hapa?"

"Hivyo hivyo unavyovuka wewe, baba," alijibu Mama Anastasia. "Ila wao hawapigi kelele."