Mshale Ukishuka Chini ya Robo

Jumatatu, 2 Februari

Gari la mama limezima tena mlimani karibu na soko. Mshale wa petroli ulikuwa chini ya robo. Kila mara chini ya robo! Tangi likijazwa, linakwenda kama halijawahi kuugua. Mama kasema safari ya Jumapili kwa dada haipo mpaka gari lipone. Haipo!

Dada ameolewa tangu Desemba. Kitanda chake bado kimetandikwa upande wa pili wa chumba, nami bado nakisalimia asubuhi. Shule nimemaliza. Wenzangu wametawanyika. Mama hurudi kutoka duka la dawa amechoka hata hawezi kunigombeza. Nimeamua: ugonjwa wa gari nitaugundua mimi. Kimyakimya.

Jumanne, 3 Februari

Kikwazo. Gari haliugui tangi likiwa limejaa, na mama kwa woga kalijaza pomoni. Hila: yeye huenda kazini kwa miguu, kwa hiyo nimeliwasha uani asubuhi nzima ili petroli ipungue. Nilikaa kiti cha abiria. Cha dereva kinanitia aibu hata nikiwa peke yangu. Nimelisimulia gari mambo yote tangu Desemba. Linanguruma mahali panapostahili. Msikilizaji mzuri.

Jioni mama akatazama mshale, akauliza nani kainywa petroli. Nikasema labda inavuja. Ulimi wangu huu!

Jumatano, 4 Februari

Kwa sababu ya ulimi huo, kaitwa binamu yangu. Anaitwa Injinia, maana alisomea ufundi muhula mmoja na kununua ovaroli. Kalala chini ya gari, hakuona hata tone. Akatangaza kwamba pampu ya petroli imekufa. Nilitaka kumuuliza imekufaje, mbona tangi likijaa inafufuka? Nikajikusanya. Sauti ilipopatikana, Injinia alishamaliza chai na kuondoka. Nikaliuliza lango.

Alhamisi, 5 Februari

Nimegundua! Nilikuwa nanywa juisi kwa mrija uliopasuka. Glasi ikijaa, juisi inapanda vizuri. Ikishuka chini ya ufa, navuta hewa tupu. Basi bomba linalonyonya petroli ndani ya tangi lina ufa!

Kutamka niliona haya, nikaamua kuwaonyesha. Jioni nilikaa mbele ya mama na Injinia, nikavuta juisi mpaka mrija ukakoroma. Nikawatazama. Nikakoroma tena. Mama akaniambia niache utoto mbele za watu. Injinia akasema jamani, mpeni mtoto mrija mzima.

Ijumaa, 6 Februari

Injinia kafunga pampu nyingine. Kabla ya kulijaribu gari, akajaza tangi. Pomoni! Mlima wa soko likaupanda likiimba. Mama kapiga makofi. Safari ipo!

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikaufunga. Hila mpya, bora kuliko zote: kwa tangi hili tutafika kwa dada salama. Wakati wa kurudi mshale utakuwa umeshuka, na kutoka kwake lazima tupande mlima. Gari litazima. Tutalala kwa dada! Nimeshafungasha nguo ya kulalia.

Jumapili, 8 Februari

Kumbe jana Injinia aliliazima gari kwenda kuwaringia rafiki zake! Kalirudisha tangi limepungua, na mama hakutazama. Limezima tukiwa tunakwenda, paa la dada tunaliona kule ng'ambo. Mama alisema maneno kuhusu Injinia ambayo siwezi kuyaandika.

Kapigiwa simu, dada kaja mbio na kandambili, shemeji nyuma yake na dumu la petroli. Dada akanikumbatia. Mbona nimekonda? Mbona simpigii? Nikasema nilidhani ana shughuli. Akaniita mjinga, akasema anashinda akiitazama simu. Kwani kule anamjua nani?

Tukalisukuma gari pembeni, bega kwa bega. Pale nikamnong'oneza habari ya ufa. Naye akapaza sauti barabara nzima isikie: mama, mwanao anaujua ugonjwa! Nilitamani kuingia ndani ya buti. Shemeji akatia petroli, akaliendesha gari mpaka kwake, akafungua tangi. Ufa! Palepale nilipofikiria! Akabadilisha bomba kwa kipande cha mpira, kazi ikaisha kabla hatujamaliza kula.

Mama akafurahi sana. Akasema maadamu gari limepona, hakuna sababu ya kulala ugenini. Nguo ya kulalia haikutoka mfukoni.

Jumatatu, 9 Februari

Gari ni zima kabisa. Mama anawaambia wateja kwamba nina kichwa cha ufundi. Injinia anadai pampu yake ndiyo iliyoufichua ufa.

Dada kapiga simu. Niende nikakae naye hata mwezi mzima, ananihitaji. Nimwombe mama tu, hatakataa. Nimwombe tu! Hivihivi, kwa mdomo?

Wakati wa chakula mama aliweka kijiko chini, akaniuliza kama nina neno la kumwambia. Akasubiri. Nikasema hapana, mama, chumvi imekolea.

Kisha nikatoka uani kuichunguza rejeta, ile ya maji ya kupozea injini. Kifuniko chake ukikilegeza kidogo, kidogo tu, nahisi maji yatakwisha karibu kabisa na kwa dada.