Fenesi la Bi. Devayani na Uchunguzi Niliojifanyia

Kituo cha Polisi Pullikkadavu,
Kerala.

Mheshimiwa Jaji Mstaafu, Mwenyekiti wa Tume Huru ya Raia ya Kusimamia Polisi wa Jimbo,

Shikamoo. Natumaini goti lako halijambo na mvua hizi.

Bi. Devayani, mjane wa hapa, alikuleteeni malalamiko kwamba nililichukua fenesi lake kuwa kielelezo katika ugomvi wake na jirani, kisha nikalila. Tume yako iliyapiga mhuri wa "Yachunguzwe", ikayatuma makao makuu ya polisi, nayo yakayatuma wilayani, wilaya ikayatuma kituoni, na kituoni zamu ilikuwa yangu. Basi nimejichunguza, na sasa ninalalamika:

1. Nilijiita kwa barua, nikachelewa saa nzima, nikajikaripia mbele ya wenzangu.

2. Nilijihoji kwa ukali mno. Nilipotaka kunyamaza, nilijifokea, "Ebo! Hapa hakuna wakili, sema!" Ndivyo ninavyowahoji watu miaka yote, ila sikujua kama inauma.

3. Bi. Devayani alilazimika kutoa ushahidi mbele ya mtuhumiwa, kwa kuwa mtuhumiwa ndiye aliyeshika kalamu. Akasema, "We Sukumaran, usinichezee! Fenesi lile nilimwekea binti yangu anayerudi kutoka Muscat. Miaka minne hajaonja la kwao!" Nikaandika: "Shahidi ana hasira." Kisha akalia. Hilo sikuliandika, na limenikaa rohoni.

4. Nimejiona sina hatia, kwa sababu kielelezo hakionekani popote. Lakini mchunguzi huyu simwamini hata kidogo. Anamjua mtuhumiwa tangu utotoni, na wanalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo naomba nipewe ulinzi dhidi yangu, mmoja wetu ahamishiwe milimani, na uchunguzi urudiwe na raia ambaye hajawahi kuvaa kaki. Nakusihi, barua hii isipigwe mhuri ikarudi huku. Nitaipokea mimi.

Nisalimie makamishna wote, mama nyumbani, na karani wa mihuri.

Wako mtiifu, mlalamikaji na mlalamikiwa,
Konstebo Mkuu Sukumaran Kaimal

N.B. Msihangaike kuyapeleka maabara madoa yaliyo kwenye karatasi hii. Ni ulimbo wa fenesi, umegoma kutoka vidoleni hata kwa mafuta ya nazi. Lilikuwa tamu sana. Mwambieni nyinyi Bi. Devayani, mimi namwogopa.