Majani Yanayomnenepesha Ng'ombe wa Watu

Milimani, juu ya Makanya,
Wilaya ya Same.
14 Agosti

Kwa Afisa Mifugo wa Kata,
Ndugu Irine.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAJANI YA RAI

Ndugu Afisa,

Marahaba. Naanza hivyo kwa kuwa najua tungekutana ungeniamkia kwanza. Wewe ni binti mwenye adabu, na ugomvi wangu si na adabu yako. Ni na mbegu zako.

Utakumbuka kwamba mwaka jana ulituita wafugaji pale ofisini ukatugawia mbegu za rai, ukasema ni jamaa yake ngano, inapenda baridi ya huku kwetu, na ng'ombe akiila atashukuru. Mimi Hezroni nilisimama mbele ya watu wote nikasema haitaota. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba sasa kuwasilisha yafuatayo.

1. Iliota. Niliipanda nyuma ya kahawa, robo eka, kwa nia safi kabisa ya kukuonyesha kwamba umekosea. Siku ya sita shamba lilikuwa kijani. Nilikaa wiki nzima bila kupita njia ya ofisini kwako.

2. Maelekezo yako yaliniumiza. Ulisema tuikate mbichi, ikifika usawa wa goti, kabla haijatoa masuke, tuache kiganja kimoja ili ichipue tena. Afisa, mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akiokota punje za mahindi moja moja uani. Nitatiaje mundu kwenye nafaka ambayo haijazaa, eti nimpe ng'ombe? Mara tatu niliingia shambani na mundu, mara tatu nikatoka nimepalilia. Basi masuke yakatoka, yakakomaa, na wapita njia wakaanza kuniuliza tutakula lini.

Mke wangu Honorata akafunga mganda mzuri akaupeleka kanisani sikukuu ya mavuno. Kwenye mnada baada ya ibada mzee wa kanisa, kwa kutojua, akaunadi kama ngano ya Ulaya, na jirani yetu Tumainieli akawashinda wote. Aliichemsha tangu saa nane mchana hadi jua linazama, na familia yake ikalala kwa chai. Mpaka leo ananisalimu kwa nyusi. Na ng'ombe mwenyewe nilipompelekea mabua yale yaliyokakamaa kama fito, aliyanusa tu, akanigeuzia mgongo. Mtu wa umri wangu kugeuziwa mgongo na ng'ombe si jambo dogo.

3. Mwaka huu nikatii. Nilipanda mbegu nilizovuna, nikakata usawa wa goti, nikayanyausha majani nusu siku kama ulivyosema, nikampa. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Ng'ombe amekuwa na maringo. Migomba hataki, majani ya gwatemala anayakanyaga. Akisikia mundu unanolewa analia, na kwa kuwa kwaya ya akina mama hufanyia mazoezi nyumba ya pili, huingia ubeti wa pili, tena kwa sauti kuliko walioandikishwa.

4. Maziwa yamepanda kutoka lita mbili kwa siku hadi tisa. Mbavu, ambazo zamani ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani, hazionekani. Ngozi inang'aa. Kila apitaye anasimama kumsifu, na hapa sasa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, ambacho nimekichelewesha makusudi.

Ng'ombe huyu si wangu.

Ni wa rafiki yangu Amiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makanya. Miaka mitatu iliyopita, ukame ulipokausha kila jani kule chini, alimpandisha huku ndama jike aliyebaki pembe na macho, akaniwekesha kwa desturi yetu ya siku zote: maziwa na mbolea vyangu, ng'ombe wake. Miaka yote mitatu hakupanda kumwona hata mara moja, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo. Honorata akampa jina Zawadi, jina ambalo sasa naona lilikuwa la kujitafutia balaa.

Sasa Hedwiga, anayeshusha ndizi mnadani Makanya, amezitangaza sifa za Zawadi dukani kwa Amiri huku akisubiri misumari. Juzi Amiri amenipigia simu. Anasema baada ya siku tisa anakuja kumwona ng'ombe wake.

Nakuuliza, Afisa: nani angepanda mlima kumfuata ng'ombe aliyekonda? Hakuna. Rai yako ndiyo inayomwita. Nimempenda mnyama huyu, nalisema bila aibu, na kila mzigo wa majani ninaombebea mgongoni unamsogeza karibu na gari la kuondoka.

Honorata amenishauri niache tu kumlisha. Nilijaribu asubuhi moja. Aliniangalia. Saa nne nilikuwa shambani na mundu.

Kwa hiyo naomba:

(a) uje na cheti chenye muhuri kinachosema ng'ombe huyu ana ugonjwa wa kunenepa na hawezi kuteremka mlima;

(b) hilo likishindikana, rai itangazwe kuwa mmea hatari katika kata nzima, na mbegu zote zirudishwe;

(c) hilo nalo likishindikana, unipatie chakula cha kumkondesha ng'ombe kwa siku tisa bila yeye kusikia njaa.

Nisalimie wazazi wako, mhudumu wa ofisi, na yule bwana wa josho ambaye jina limenitoka. Honorata anakusalimu na anasema barua hii si wazo lake.

Wako mtiifu katika ufugaji,
Hezroni

N.B. Kabla sijapata wa kumtuma barua hii, Amiri amefika. Alisimama mbele ya banda muda mrefu, akauliza ng'ombe huyu mzuri ni wa nani. Kisha akauliza, polepole, wake yuko wapi. Nilipokawia kujibu alinishika mkono akaanza kunipa pole. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba yule asingepona, nisijilaumu, yeye hana kinyongo.

Afisa, nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa tu. Honorata alikuwa ananiangalia. Lakini nilisikia uchungu ambao sikuutegemea: mtu aseme ng'ombe amefia mikononi mwangu, wakati nimembebea majani mimi! Nikamwambia, "Amiri, ndiye huyu." Alipokataa kuamini nikamshikisha sikio lenye alama yake.

Alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu gari lilikuja likamchukua.

Nafuta malalamiko yote, namba moja hadi nne, pamoja na maombi. Rai imechipua upya na inapendeza, na asubuhi bado naunoa mundu kabla sijakumbuka. Ukimfahamu mtu yeyote mwenye ng'ombe aliyekonda, tafadhali mwelekeze kwangu.