Ushirika wa Vitenzi Vikaidi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Matokeo yamebandikwa. Nimeanguka Kiingereza. Mimi, ambaye nikishika kipaza sauti hata wapishi wa bwaloni huweka miiko chini! Kilichoniangusha ni vitenzi vikaidi, vile ambavyo vikiingia wakati uliopita hubadili sura bila kumtaarifu mtu. "Go" inakuwa "went". Kwa idhini ya nani?

Marudio ni Jumatatu ijayo. Nikianguka tena, jina langu linafutwa kwenye orodha ya wagombea uenyekiti wa serikali ya wanafunzi, na uwanja unabaki wa Mstaarabu, mpinzani wangu, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Amenikuta mbele ya ubao. Akasema, kwa upole wake ule unaokera, kwamba nikipenda tukae jioni tukariri kumi kumi. Nimemjibu kwamba kukariri ni utumwa. Akasema sawa, ndugu, ila mtumwa atakuwa kwenye benchi la nyuma ya maktaba, nikibadili mawazo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nikiwa napiga mswaki, nimeona mwanga.

Walioanguka tuko wanne: mimi; Miwani, mwenzangu wa chumbani; Kocha, anayechezea timu ya chuo; na Binamu, binti wa shangazi yangu, anayesomea uuguzi. Nimewaita chumbani na kuwahutubia nikiwa juu ya kiti. Kwa nini kila mmoja abebe mzigo wote, ilhali migongo ipo minne? Vitenzi vigawanywe! Kila mwanachama amiliki fungu lake, na siku ya mtihani tuketi safu moja, kila mtu atoe alichonacho, apokee anachokosa. Kocha amepiga makofi hadi jirani akagonga ukuta.

Miwani ameuliza kwa nini wanachama ni wanne na mafungu ni matatu. Nimefafanua kwamba kiongozi hashiki fungu, kiongozi anaratibu. Wamenyamaza. Nimeuhesabu ukimya huo kuwa muafaka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushirika unakwenda vizuri. Nimechora ramani ya viti, rasimu tatu. Kocha anakariri huku akipiga danadana. Nilimwuliza Miwani wakati uliopita wa "buy". Akasema si fungu lake, niende kwa Binamu. Nikamfuata hadi wodini alikokuwa kwenye mafunzo. Akaniambia nisubiri foleni kama wagonjwa wengine. Nimesubiri. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimesahau nilikuja kuuliza nini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wanachama wamegoma.

Wanagoma dhidi yangu, mimi niliyewafundisha maana ya mgomo! Dai lao ni moja: kiongozi naye apewe vitenzi. Kwanza niliwapuuza. Kisha nikawatisha. Kisha nikaunda tume ya kuchunguza chanzo cha malalamiko. Ndipo nikakumbuka kwamba hivi ndivyo utawala wa chuo unavyotufanyia sisi. Ni utaratibu mzuri, sikupata kuuthamini.

Binamu hakungoja ripoti ya tume.

"Kaka," alisema, "ulituambia mzigo ni wetu sote. Mbona mgongo wako umenyooka?"

Nimeahidi kulitolea swali hilo majibu kwa maandishi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wamehamia kwenye benchi la Mstaarabu. Niliwaona nikiwa dirishani: vichwa vinne vimeinama pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake fungu lake, tena wakicheka. Nikashuka kuwakemea. Mstaarabu akaondoa mkoba wake ili nipate pa kukaa. Binamu akapapasa ile nafasi mara mbili, kama mtu anayemwita mtoto.

Nilikaribia kukaa, hilo nalikiri hapa tu. Lakini mgombea hakai benchi moja na mpinzani wake msimu wa kampeni. Nimerudi chumbani kuandika tamko la kulaani. Litakuwa refu, litanichukua hadi kesho jioni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nilifika mapema kulinda safu yetu. Mwalimu akaingia, akatutazama tulivyojipanga, akatangaza kwamba mtihani ni wa mdomo, mmoja mmoja, ofisini kwake. Ramani ya viti ikabaki mfukoni.

Ofisi ni ndogo: meza, viti viwili, feni inayolalamika. Aliniomba nimsimulie, kwa Kiingereza, jana nilifanya nini. Nikaanza: "Yesterday I go..." Akasubiri. Nikatambua kwamba suala hili si la lugha bali la misingi, nikahamia Kiswahili, nikamweleza kuhusu lugha na madaraka, tangu mwanzo hadi hatima yake. Alisikiliza yote bila kutazama saa. Akasema ni hotuba nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa kwenye kile kiti. Kisha akavua miwani yake.

"Mwanangu, sentensi moja tu. Hata ya uongo."

Nikaomba muda wa kushauriana na wanachama.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wenzangu watatu wamefaulu. Mimi nimeanguka. Jina langu limefutwa, na Mstaarabu anapita bila kupingwa.

Binamu amekuja na soda mbili. Hakunicheka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Kaka, marudio ya mwisho ni muhula ujao. Leo sina zamu. Tuanze na 'eat', ni rahisi." Nimemshukuru na kumwonyesha takwimu: robo tatu ya ushirika imefaulu, chini ya uongozi wangu. Penye mafanikio kama hayo, dosari haiwezi kuwa kwenye mpango. Ilikuwa kwa wanachama. Akanywa soda yake, kisha akanywa na yangu, akaenda zake.

Alasiri nimeunda Ushirika wa Pili. Mkutano mkuu umehudhuriwa na wanachama wote, yaani mimi. Uchaguzi wa uongozi ulikuwa wa siri, huru na wa haki.

Nimeshinda.