Nilipotea Nikiwa na Sambusa Yenu Mkononi

Abdulrazak Pandu,
Ukutani, Forodhani,
Mji Mkongwe, Unguja.

Kwa Mheshimiwa Daktari Wakil Kificho,
Mkuu wa Utafiti wa Mifupa na Mafunzo ya Upasuaji.

YAH: KUTANGAZWA KUWA NIMEPOTEA BILA YA IDHINI YANGU

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Ukishaitikia marahaba, vuta kiti ukae, maana haya nitakayoyaandika si ya kusomwa umesimama.

Kwanza nijitambulishe, ingawa mimi kujitambulisha ni sawa na mwezi kuombwa kitambulisho. Katika Unguja nzima hakuna kijana anayejulikana kuliko mimi. Ndimi ninayeongoza makachu, huu mchezo wetu wa kuruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani, na nikiwa hewani wauza pweza huacha kugeuza mishikaki ikaungua. Wageni wameshanipiga picha mpaka sura imeanza kupauka. Paka wa Darajani wananiamkia. Nimesoma mpaka kidato cha pili, kisha skuli nikaiacha kwa huruma, walimu wasije wakaona haya.

Sasa mtu kama huyo, Mheshimiwa, umesimama mbele ya umma ukasema amepotea.

Nakukumbusha ilivyokuwa, kwa kuwa wakubwa mna mengi. Mlitualika raia ukumbini tusikilize matokeo ya utafiti wenu, wa kutazama kama mikono na miguu iliyotibiwa na madaktari wanaosomea upasuaji wa mifupa inapona sawa na ile iliyotibiwa na mabingwa wao. Na mimi nikaja, nimevaa kanzu yangu, nikakaa safu ya nyuma karibu na sambusa. Mbele ikatokea picha ya eksirei, kigasha cha mkono wa mtu, kati ya kiwiko na kiganja, kimekatika mifupa yote miwili. Ukasema kwa sauti ya msibani: "Huyu ni mgonjwa namba kumi na saba. Alitibiwa na mwanafunzi. Kama alipona hatujui, kwa sababu amepotea."

Namba kumi na saba ni mimi. Nilipotea nikiwa na sambusa yenu mkononi, na nyengine mfukoni.

Ukaendelea kusema kuwa utafiti unafungwa mwisho wa mwezi huu, kwamba waliorudi kliniki watatazamwa na jopo la mabingwa, na ambaye kiungo chake hakikukaa vizuri atapasuliwa upya bila ya malipo, na waliopotea, ukasema, "ndiyo basi tena." Mimi upasuaji wenu siutaki, mkono wangu mzima kabisa. Nnachotaka ni heshima yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno lenyewe. Kwetu sisi mtu akiambiwa amepotea, ama bahari imemchukua ama ameacha kusali. Rafiki yangu Talib, ambaye ndiye aliyenileta kwenu nilipovunjika na namba yangu anaijua, aliangua kicheko pale pale: "Ewe uliyepotea, nipitishie sambusa." Tangu siku hiyo mtaani siitwi Raza, naitwa Aliyepotea. Watoto wa chuo cha Kurani wakiniona wanasema, "Huyo kaonekana!" Nauliza kwa adabu: mlinitafuta wapi? Mmesema mlipiga simu haikupatikana. Simu ilizama, Mheshimiwa, niliruka nayo mfukoni. Kuzama kwa simu si kuzama kwa mtu. Kuku wa mtu akipotea, mwenyewe huingia nyua za watu, akauliza, akatukana, mpaka akampata. Nyinyi mmesoma miaka na miaka, mmeshindwa kumtafuta mtu kama kuku. Muuza kahawa hamkumuuliza. Sheha wa mtaa hamkumuuliza. Mngemuuliza yeyote mngeambiwa nilipo, nnachokula, na nnayemdai.

2. Mlilifuta jina langu kwenye picha. Mlisema ni kulinda siri za mgonjwa. Siri ya nani? Mfupa ule ulipotokea watu wote walisema "Aaah!" kwa pamoja, na mimi katika maisha yangu sijawahi kusemewa "Aaah" na watu wengi waliokaa vitini. Nikamwinamia Bi Mwatum, jirani yetu, nikamwambia, "Bibi, mfupa wangu ule." Akanitazama juu mpaka chini: "Wako? Wewe una mifupa? Mimi nlidhani una mdomo tu." Lingekuwepo jina langu pale juu, kwa herufi kubwa, nisingevunjiwa heshima hivyo.

3. Mwanafunzi. Siku niliyovunjika (maji yalikuwa yamekupwa bila ya kunipa taarifa, nami nimesharuka) nilipokewa na Daktari Nassra, ambaye mnasema anasomea ubingwa. Mimi sina neno naye. Lakini alipoushika mkono wangu kuurudisha mahali pake, na sindano ya ganzi bado haijakolea, wewe ulisimama nyuma yake ukimwambia, "Vuta, Nassra, vuta, usiogope." Mheshimiwa! Aliyevunjika ni mimi, anayeambiwa asiogope ni yeye? Nikapiga ukelele uliofika Michenzani, naye akasema, "Ahsante, kaka, hapo hapo ndipo nilipokuwa nikipatafuta." Sasa niambie nani alimfundisha. Wewe ulikuwa ukisema vuta, vuta, kama mtu anayeangalia mashindano ya kamba. Aliyemwonesha mahali ni mimi. Chuoni tuliambiwa kuwa anayekusomesha herufi moja ana haki juu yako. Mimi nimemsomesha kigasha kizima. Cheti chake kikitoka, nusu ni yangu, na nusu yangu iwe ile yenye muhuri.

4. Hogo. Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo mlipoharibu khasa. Mliamua nisitiwe vyuma kwanza, nifungwe hogo, hilo dongo jeupe la kukazia mfupa, kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, na nirudi kila Jumanne mtazame. Daktari Nassra akanionya, "Lisiingie maji, kaka Raza."

Nikamwambia, "Dada, hiki ni kisiwa."

Akasema, "Basi kaa katikati yake."

Nikakaa katikati yake! Nilikwenda kwa shangazi yangu Dunga, mbali na pwani zote, nikakaa kama mwari. Ikanyesha mvua. Nikaona, ikiwa maji yananifuata mwenyewe mpaka Dunga, bora niyafuate mimi kwa heshima zangu. Nikarudi Forodhani nikaruka, mkono nimeuinua juu kama anayemwomba mwalimu ruhusa ya kutoka, lakini bahari haimtazami aliyenyoosha mkono. Mtasema ningelifunga kwa mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, Mheshimiwa. Nshavunja mkono, mnataka nivunje na sheria? Basi hogo likalegea kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai, nami nikalimalizia kwa kisu cha kuparia samaki. Kwa hiyo miadi ya Jumanne iliyoivunja si mimi, ni hogo. Na swali langu kwa jopo zima la mabingwa: ni nani huyo aliyekwenda kununua dongo lisilojua maji akalileta kisiwani? Huyo ndiye wa kutafutwa. Huyo ndiye aliyepotea.

5. Maswali. Mlangoni mwa ukumbi mligawa karatasi ya maswali mnayowapimia watu uzima wa mkono. Nilijijibia mwenyewe. Je, unaweza kucheza gofu? Siwezi. Kabla sijavunjika nilikuwa siwezi, nilipovunjika sikuweza, na nikiishi miaka mia sitaweza. Kwa hesabu zenu mimi nimezaliwa na ulemavu. Je, unaweza kutandika kitanda? Mama hutandika. Je, unaweza kugeuza ufunguo mlangoni? Mlango wetu una komeo. Je, unaweza kufungua kifuniko kilichokaza? Talib hufungua. Hakuna hata swali moja lililouliza kama mtu anaweza kuiwahi nyama katika sinia la watu watano, na hilo ndilo swali la mkono wa kulia. Kwa usahihishaji wangu nimepata alama zote, ukiyatoa yale yaliyoulizwa vibaya.

6. Sambusa zilikuwa viazi vitupu. Hili si kubwa, lakini liandikwe.

Baada ya malalamiko, Mheshimiwa, naja kwenye haki. Naomba namba kumi na saba itolewe kwa waliopotea iandikwe "amepona." Ushahidi ninao, tena ni wa akili tupu, hauhitaji eksirei. Mtu aliyepona hurudi spitali kufanya nini? Kutazama bustani? Kwa hiyo asiyerudi ndiye aliyepona. Basi wote mliowaandika kuwa wamepotea ndio waliopona zaidi, na wale wanaowajia kila Jumanne na bahasha zao za picha ndio mliowashindwa. Utafiti mmeushika kichwa chini miguu juu, na watu wakawapigia makofi. Mimi nikiwa nyinyi ningewashauri wagonjwa wote wapotee siku ile ile ya kwanza, spitali ibaki na madaktari peke yao, wavutane mikono wenyewe kwa wenyewe mpaka wahitimu.

Na kama ushauri huo ni mzito kwenu, basi niajirini niwe Mkuu wa Waliopotea. Nipeni Vespa na kofia ngumu. Wenzangu nawajua walipo. Namba tisa, yule wa goti, ni Hasan. Yuko Fumba anajenga nyumba za wenye pesa, anapanda ngazi kwa goti mnalolililia. Nilimuuliza kwa nini kapotea. Akanijibu, "Raza, mimi nikienda kliniki Jumanne, Jumatano nakuta mtu mwengine ameshika mwiko wangu." Nyinyi mmeiweka kliniki Jumanne asubuhi, saa ambayo Unguja nzima iko kazini isipokuwa nyinyi na mimi. Halafu mnashangaa watu wanapotelea wapi! Hawajapotea, Mheshimiwa. Wako juu ya ngazi, wanawaona mkipita na gari.

Mwisho naomba ukumbi uitishwe tena, sambusa ziwe za nyama, Talib akae safu ya mbele, na wewe mwenyewe usimame useme kwa ile ile sauti ya msibani: "Tumempata. Alikuwa nyuma yetu akila." Nisipotimiziwa haya nitapeleka shauri langu mbele, na mbele kwenyewe nitakujua nikifika.

Ninaikata barua hapa kwa kuwa mkono ninaoandikia umechoka, na usiulize ni upi. Nisalimie jopo lote la mabingwa, mpiga eksirei aliyeniambia "usitikisike" wakati nilikuwa nimeshatikisika, mpishi wa sambusa pamoja na viazi vyake, na Daktari Nassra, salamu zake peke yake, zisichanganywe na za wengine.

Ndimi yule yule, nipo, sijaenda popote,

Abdulrazak Pandu
(Raza Kombora)

Baada ya sahihi:

Mheshimiwa, barua nilikuwa nshaikunja, nimeikunjua.

Mkono haujapona. Umeunga, lakini umeunga upande. Kiganja kinatazama chini, na kukigeuza kitazame juu siwezi, hata niubembeleze vipi. Kuruka nimeacha tangu siku ile hogo lilipolegea. Huwahesabia wenzangu moja, mbili, tatu, nikajifanya mwalimu wao.

Wiki iliyopita ilikuwa hitma ya kumrehemu marehemu bibi yangu aliyenilea. Ilipofika dua watu wakainua mikono, mimi nikainua mmoja. Mzee Ame, aliyekaa ubavuni mwangu, akaninong'oneza, "Vipi, mjukuu wangu, bibi yako unamwombea nusu?" Nikaushusha na ule mmoja.

Daktari Nassra hakukosea kitu. Alinionya nisitie maji, na aliniambia nikirudi hata nimechelewa hatonigombeza. Kwenye hesabu zenu isiandikwe kuwa ni mkono wa mwanafunzi ulioharibika. Andikeni ni wangu, niliuharibu mwenyewe.

Na mimi Jumanne huwa nakuja. Nafika mpaka getini. Mlinzi ananijua, huniambia, "Pita, Raza," nami humwambia kuna mtu nnamsubiri. Hakuna mtu. Naogopa kuambiwa kuwa muda umepita, na naogopa kuambiwa kuwa haujapita, kwani mkono mtauvunja upya.

Jumanne inayokuja ndiyo ya mwisho kabla hamjafunga. Mkiita namba yangu nisipoitika, tafadhali msiandike kitu kwanza. Mtumeni mtu atoke nje ya geti, anishike mkono huu mzima, aniingize.